Kunguru wa Kompyuta ya Mama

Kompyuta ya mama ilizimika moja kwa moja mwezi uliopita, na kabla ya kuzimika ilitoa harufu. Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Alisema inanuka vumbi lililoungua na plastiki iliyopata moto, kisha akaniuliza, "Unaikumbuka ile harufu?" Mimi niko Shinyanga mjini na yeye yuko Tinde, lakini pua yangu ilijaa palepale. Nilikuwa nimerudi Katoro, kwenye sebule yetu yenye sakafu ya saruji nyekundu, nimekaa chini miguu nimeinyoosha, namsubiri kunguru atokee.

Najua wenzangu wengi utoto wao unanukia maandazi ya asubuhi, au udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Hayo hata mimi ninayo. Ila harufu inayonirudisha nyumbani kuliko zote ni hiyo ya mashine kuukuu ikianza kupata joto. Nikiisikia kwenye ofisi za watu huwa natabasamu peke yangu, mpaka wananiuliza kulikoni.

Baba alikuwa dereva wa kampuni moja iliyokuwa ikichoronga miamba huko upande wa Bulyanhulu. Kampuni ilipomaliza kazi na kufunga ofisi, wafanyakazi waliambiwa wachukue vitu vilivyobaki. Wenzake walikimbilia viti, makabati na feni. Baba akarudi na kompyuta, imepakiwa kwenye pikipiki mbili: ya kwanza imebeba kioo, kile cha zamani chenye mgongo mrefu, na ya pili imebeba boksi lake. Mama aliuliza kwa nini hakuleta kabati. Baba akasema kabati halimfundishi mtu kitu, na mama akaacha kuuliza.

Mbele ya boksi lile palikuwa pamebandikwa picha ya ndege. Mweusi mgongoni, mweupe kifuani, amekaa kitako na tumbo limejaa. Leo najua ni pengwini, ndege wa nchi za barafu, na ndiye nembo ya Linux, mojawapo ya mifumo ya kuendeshea kompyuta. Siku ile nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona pengwini wala kusikia habari zake. Bibi, mama yake baba, aliinama akamwangalia kwa karibu. Sisi tunaye ndege mweusi mwenye kifua cheupe, kila asubuhi anatembea uani akiokota makombo kama mwenye nyumba.

"Kunguru," bibi akasema. "Ila huyu kashiba."

Suala likaishia hapo. Mpaka leo kwetu jina la Linux halijawahi kutamkwa.

Kompyuta ile ilikuwa na mifumo endeshi miwili tumboni, ingawa neno hilo nimelijua ukubwani. Sisi tuliita pande. Ukiiwasha, kioo kilikuwa cheusi, ikatokea mistari miwili ya maandishi, na chini yake namba zikawa zinahesabu kurudi nyuma. Ukiwahi kubonyeza, unachagua upande wa Window. Ukichelewa, au ukikaa tu bila kugusa kitu, namba zinaisha na mashine inakwenda yenyewe upande wa pili, na yule ndege anatokea katikati ya kioo, mkubwa, ameinamisha macho chini.

Mtoto wa Kisukuma ukimwonyesha pande mbili humfundishi kitu kipya. Kwetu ngoma zina Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno pande hizo zinacheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kila upande na mduara wake, na hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watu wenyewe wanaamua kwa miguu. Mduara uliojaza watu umeshinda, na ule uliobaki na mbwa na wakwe wa wachezaji umeshindwa. Babu yangu, ambaye sikumkuta, alikuwa ningi wa Wagalu, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Kwa hiyo hata sisi tulikuwa Wagalu, na hilo halikuwa jambo la kuulizwa.

Basi nikajipangia mambo kichwani. Window ni Wagika. Kunguru ni Wagalu, ni wetu. Na kila mtu aliyekaa kwenye kiti mbele ya mashine nilimtazama anabonyeza wapi, nikijua kwamba ni shindano na linahesabiwa.

Tulikuwa tunapigwa vibaya. Baba akirudi safari alikwenda moja kwa moja Window, kwa sababu kule kulikuwa na mchezo wa karata, na karata zikikamilika zilirukaruka kwenye kioo na baba akacheka peke yake. Watoto wa jirani walitaka Window kwa sababu ya nyimbo na video. Upande wa kunguru ukiweka wimbo, mashine inakuletea maandishi marefu ya kukataa. Hata barua mama aliyoandika kule, ukiipeleka kwa mtu wa kuchapisha pale senta, ilifunguka imevurugika, anwani imehamia katikati na jina la mpokeaji limekwenda kukaa chini. Ubora wa kunguru ulikuwa mmoja ambao mtoto hauoni: haumwi. Upande wa Window kila flashi ya mgeni ilituachia ugonjwa, mafaili yanapotea, mashine inakuwa nzito, baba anaipiga kofi pembeni. Upande wa kunguru uliendelea taratibu na mambo yake.

Mteja wake alikuwa mmoja tu, mama.

Mama yangu aliishia darasa la saba. Alikuwa na akili ya shule, lakini kwao walikuwa wengi na ng'ombe walikuwa wengi zaidi. Kanisani alikuwa anaimba kwaya moja na mkuu wa shule ya sekondari iliyofunguliwa karibu na kwetu, mama mmoja mkali na mwenye kusema ukweli, na siku moja mama yule alimwambia shuleni wanahitaji mchapaji. "Cheti sitakuuliza, Mama Kabula," alimwambia. "Siku ukiweza kuchapa mtihani bila kuangalia vidole, njoo kwangu." Mama alirudi nyumbani na maneno hayo akayaweka moyoni. Alitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka, na najua hivyo kwa sababu aliacha kabisa kuizungumzia.

Karani aliyeitumia ile mashine kabla yetu aliacha upande wa kunguru mchezo wa kujifunzia kuchapa. Samaki wanaanguka kutoka juu, kila samaki ana herufi ubavuni, na kunguru anasubiri chini mdomo wazi. Ukigonga herufi ya samaki, kunguru anakimbia kumdaka na kummeza. Ukikosea, samaki anaanguka chini bure. Upande wa Window mchezo huo haukuwepo.

Kila siku mchana, vyombo vikishaoshwa, mama alijifunika kanga mpya mabegani kana kwamba anakwenda mahali, akakaa, akaacha namba zihesabu mpaka ziishe, na kunguru akaja. Alikuwa anatazama kioo, vidole vinatafuta vyenyewe. Mimi nilikaa chini nikimhesabia kunguru matonge yake. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mama anamlisha. Niliamini ndege yule anaishi mle ndani, hana mtu mwingine wa kumpa chakula, na kwamba siku mama akiugua atakufa njaa. Kuna wakati mama alikwenda msibani Ushirombo akalala huko, nikachukua dagaa jikoni nikawapanga juu ya boksi, kwenye matundu yanakotoka joto. Harufu ya siku ile nayo sijaisahau, wala baba hajaisahau.

Sasa aje baba mdogo Shija, mdogo wake baba na kitinda mimba wa bibi. Mtu wa vicheko, mwenye mikono myepesi, anayependwa na kila mtu. Alikuwa na kibanda sokoni Katoro cha kuingiza nyimbo kwenye simu, na kompyuta moja haikumtosha. Siku za mnada wachimbaji walipanga foleni mpaka barabarani. Akaja nyumbani mchana wa Jumapili, akala, akasifu mchuzi, akaitazama ile mashine kwa muda.

"Kaka, hii mali inalala njaa humu," alisema. "Nipe niipeleke sokoni ikafanye kazi."

"Mama Kabula anajifunza," baba akajibu.

"Anajifunza, au anavua samaki?" Baba mdogo akacheka, na hata mama alitabasamu kidogo kwa adabu. "Shemeji, usinielewe vibaya. Fundi yuko Geita mjini, akirudi wiki ijayo atafuta huo upande wa ndege, atapiga window mashine nzima, itakimbia. Ukitaka kuchezea samaki utakuja kibandani jioni."

Baba alitazama sahani yake. Aliyelelewa kwetu anaelewa ilivyo vigumu kumnyima mdogo wako kitu ambacho mwenyewe unakitumia kwa karata. Angesema hapana, ukoo mzima ungesikia kwamba amemnyima ndugu yake kwa sababu ya mke. Mama alijua hivyohivyo. Alikusanya vyombo akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta amesimama karibu na pipa la maji, hafanyi kitu, vidole vyake vinagongagonga mfuniko.

Bibi ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya karanga, na sikudhani anasikiliza.

"Ipelekeni," alisema. "Acheni ikacheze mbele za watu tuone. Ila iende kama ilivyo, msimfute mtu. Na siku ya mnada nitakuja kuitazama."

"Mama, wewe uje sokoni?" baba mdogo akauliza.

"Nimetazama ngoma nyingi, Shija. Hii nayo nitaitazama."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza ugali. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi: kunguru anakwenda kushindana uwanjani, na akishinda tutamrudisha nyumbani na vigelegele, hakuna atakayethubutu kumfuta. Kesho yake nilimuuliza bibi, tukishinda tutapewa nini. Alicheka, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akanivuta nikae karibu yake na ungo wa karanga.

"Babu yako alikuwa anashinda," alisema. "Unajua ilikuwaje akishinda?"

"Watu walikuwa wanamshangilia."

"Walimshangilia, halafu wakamchukua. Leo wanamtaka Bukoli, kesho Nyang'hwale, keshokutwa Kahama. Kila wenye arusi, kila wenye sherehe, ningi mshindi aje. Mimi nabaki na jembe na ng'ombe wa baba yake. Mvua inakuja, mvua inaondoka, mume yuko kwa watu." Alipuliza maganda yakaruka. "Kuna mwaka Wagika walimpiga. Uwanja mzima ulikwenda kwao, babu yako akabaki anaimbia vumbi. Akarudi nyumbani kichwa chini, akalima na mimi msimu mzima. Hakuna aliyemwita popote. Mwaka ule ndio nilipata mume, mayu. Na baba yako nilimpata mwaka huohuo."

Niliona ni hadithi ya kusikitisha sana. Nilimwahidi bibi kwamba safari hii hatutashindwa.

Siku ya mnada Katoro ilijaa kama kawaida yake: dagaa wamemwagwa kwenye maturubai, mitumba inanadiwa kwa nyimbo, bodaboda zinapita katikati ya watu kana kwamba watu hawapo. Kibanda cha baba mdogo kilikuwa kati ya muuza viatu na kinyozi mwenye redio kubwa. Kompyuta yetu ilikuwa imewekwa mbele kabisa, na niliona fahari niliyoshindwa kuificha. Nilizunguka nikiita watoto ninaowafahamu, njooni muone, ile ni ya kwetu.

Baba mdogo alikuwa amewahi namba asubuhi na kuingia Window. Nyimbo zilikuwa juu. Wachimbaji walisimama tabaka kwa tabaka, vumbi la machimbo bado liko kwenye nyusi, kila mmoja amenyoosha kadi ya simu yake. Sikujali sana kwamba wanacheza kwa upande wa Wagika. Mashine ilikuwa yetu, umati ulikuwa wetu. Bibi alipewa ndoo iliyopinduliwa akae pembeni ya meza. Alikaa vizuri, akafunika miguu kwa kitenge chake, miguu ikawa chini ya meza, zilipokuwa zimelazwa nyaya zote pamoja na swichi ya umeme.

Kioo kikazima. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Umeme," baba mdogo akasema bila hata kugeuka, kama tunavyosema wote, na kweli taa ya mashine ikawaka tena baada ya kitambo kidogo. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, kisha akarudi kubishana na mteja aliyedai ameingiziwa wimbo siyo. Mistari miwili ikaja. Namba zikaanza kuhesabu. Nilitaka kumwita, kisha nikaacha, kwa sababu nilitaka watu wamwone kunguru. Namba zikaisha, naye akatokea, mkubwa, mweusi, kifua cheupe, macho chini.

"Shija, mwanangu," bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Huyu kunguru anatafuta nini hapa?"

Watu walio mbele wakatazama.

"Si kunguru, mama. Ni picha tu ya kompyuta."

"Macho yangu mabovu. Lakini mweusi, kifua cheupe, si kunguru huyo? Na anavyoangalia chini hivyo. Wa kwetu akiangalia chini hivyo huwa ameona mzoga."

Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo maneno hayo yangefanya kazi iliyofanyika pale. Mchimbaji anayeingia kwenye duara, shimo refu lililoshikiliwa na magogo, haendi nalo kwa utani. Yuko asiyeoga kabla ya kuingia, yuko asiyekula chumvi, na wote hawapendi kumwona kunguru akizunguka juu ya mdomo wa shimo. Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu alirudi hatua nyuma.

"Braza, nitolee kadi yangu."

"Nimekwambia ni picha."

"Picha ya kunguru. Sisi tunashuka leo saa kumi. Nitolee."

Akatolewa kadi yake. Wa pili akaitaka ya kwake, wa tatu akasema nyimbo zilizoingia zifutwe kabisa, asibaki na kitu kilichopita kwenye hiyo mashine. Baba mdogo akacheka, akaizima, akaiwasha, akawahi namba, akaingia Window, wimbo ukarudi. Watu wakaanza kusogea tena. Kioo kikazima.

"Leo umeme una nini?" baba mdogo akasema.

Kunguru akatokea mara ya pili, na safari hii hakuna aliyesubiri maelezo. Umati ulihamia kibanda cha ng'ambo, kama ngoma inavyohama, bila ugomvi, kwa miguu tu. Tulibaki mimi, bibi, muuza viatu na baba mdogo aliyeshika kiuno. Nililia. Nilimlilia kunguru wetu aliyeangaliwa vile, na nilimchukia bibi kwa maneno yake ya uzee yaliyotuharibia siku. Njiani kurudi alininunulia muwa. Niliukataa mpaka tulipofika karibu na nyumbani, kisha nikaula.

Baba mdogo alijaribu tena siku nyingine, maana si mtu wa kukata tamaa upesi. Alibandua ile picha mbele ya boksi, lakini ilibaki alama safi yenye umbo la ndege kwenye plastiki iliyochakaa, na alama ikawa mbaya kuliko picha. Fundi alirudi kutoka Geita na hakuna kilichobaki cha kumpa afanye, kwa sababu habari ilishafika maduarani kote. Hata ungeifuta yote na kupiga window mara saba, ilikuwa ni ile mashine ya kunguru. Jioni moja tukasikia bodaboda mlangoni. Baba mdogo alikuwa amepakata boksi, mwenzake nyuma amekumbatia kioo.

"Shemeji, pokea ndege wako," alisema. "Amenikimbizia wateja wote. Mimi na yeye basi."

Alikula, akasifu mchuzi, akaondoka akiwa anacheka, na hakuna aliyemnyima mwenzake kitu. Mama alijifunika ile kanga mpya ingawa jioni ilishaingia. Akakaa, akawasha, akaacha namba ziishe. Harufu ya vumbi likipata moto ikaanza kutoka taratibu. Bibi akasogeza kigoda chake akakaa ubavuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mpe samaki wengi, mayu," alimwambia mama. "Huyu leo kafanya kazi."

Nilidhani anamfariji. Niliona aibu kwa niaba ya kunguru, aliyeshindwa mbele ya watu wote na sasa anapewa chakula kwa huruma.

Mama aliipata ile kazi. Alichapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili mbele ya mkuu wa shule, kichwa juu, kama anavyoimba kwaya. Akachapa mitihani ya shule ile mpaka tulipohamia Tinde, na Tinde nako akachapa, na ada yangu ilitoka kwenye vidole vile. Bibi tulihama naye. Alifariki akiwa amelala, mchana, baada ya kula, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye hakuacha kiporo cha neno. Mashine ile ilibadilishwa kioo, ikabadilishwa kibodi na feni na sijui nini tena, mama akakataa tu kubadilisha upande. Baba ana simu yake ya karata siku hizi na ameridhika.

Mimi mwenyewe kazini natumia Window na sina ugomvi nayo. Inafungua kila kitu, kila mtu anaijua, na ikikwama kuna fundi kila kona. Ukiniuliza kama mtumiaji wa kawaida nitakwambia mfumo mzuri ni ule ambao anayekaa mbele yake ana kazi nao. Wengine wanabishana kuhusu jambo hilo kama Wagika na Wagalu, na mimi nawasikiliza kwa raha, maana nimezaliwa kwenye ubishi huo.

Basi juzi nikaenda dukani hapa mjini kumnunulia mama laptopu. Kijana wa duka akaifungua, akaiwasha, na ile harufu ya joto la kwanza ikanipanda puani. Akaniuliza nataka aniwekee nini. Nikampigia mama.

"Ya kunguru bado wanatengeneza?" akauliza.

"Wanatengeneza."

"Basi."

Sijui kwa nini nilimuuliza wakati ule, nimesimama kaunta na watu nyuma yangu. Labda ni ile harufu. Nilikuwa nimekumbuka kibanda, kioo kinazima, wimbo unakatika, na nikasikia kitu ambacho masikio yangu yalikisikia utotoni na akili haikukishughulikia: redio ya kinyozi wa jirani, anayetumia nguzo ileile, ikiendelea kuimba.

"Mama, ile siku ya mnada, umeme ulikatika kweli?"

Mama akaanza kucheka, kicheko cha chini kinachopanda polepole.

"Bibi yako aliniuliza swali moja tu," akasema. "Aliniuliza, huyu ndege anatokeaje? Nikamwambia, mashine ikizimwa ikiwashwa na mtu asipogusa kitu, anakuja mwenyewe. Hakuniuliza kingine. Jioni nilimwona anapaka mafuta kidole gumba cha mguu, anasema swichi za siku hizi ngumu."

Nilisimama pale nikampenda bibi upya, kwa nguvu, mpaka macho yakanijaa maji mbele ya mtu nisiyemjua. Miaka yote hiyo nilidhani tulishindwa. Mke wa ningi alikuwa ametazama ngoma nyingi, na alijua anayeshinda anachukuliwa na watu, na anayeshindwa anarudi nyumbani kulima na mkewe. Alimwangusha kunguru wetu uwanjani makusudi, kwa kidole cha mguu, ili abaki na mama.

"Dada," kijana wa duka akasema, akiwa bado ameshika ile laptopu. "Hiyo unayoitaka nitakuwekea, ila nikwambie ukweli. Watu hawaichangamkii. Hata ukitaka kumwazima mtu, hatoitaka."

"Hiyohiyo," nikamwambia. "Na kama una picha ya yule ndege, nibandikie mbele."